Mzio wa utitiri wa vumbi: sindano za miaka mitatu au kidonge cha chini ya ulimi?

Ukimwambia mtu wa Mombasa kwamba uko kwenye sindano za aleji, atakwambia hata yeye alidungwa mwezi uliopita, mafua yakakauka siku mbili, kisha chafya zikarudi pale pale. Tuanzie hapo basi, maana aliyodungwa yeye siyo ninayoizungumzia mimi. Ile ya zahanati mara nyingi ni Piriton au haidrokotisoni, dawa ya kuzima moto uliokwisha kuwaka. Imunotherapia inakwenda njia nyingine kabisa: unatiwa mwilini kidogo kidogo kitu kile kile kinachokutoa makamasi, kwa miaka, mpaka mwili ukizoee na uache kugombana nacho.

Mwili wenye mzio ni kama askari wa geti aliyeanza kazi jana. Kila anayepita anampulizia filimbi, hata mama muuza mchicha anayekuja kila asubuhi. Sindano ya zahanati inamnyang'anya askari filimbi kwa siku mbili. Imunotherapia inamleta yule mama getini kila wiki mpaka askari amjue kwa jina. Madaktari wataeleza kwa lugha ya kingamwili: IgE ndiyo inayopiga kelele, na tiba hii inaufanya mwili utengeneze kingamwili za aina nyingine, IgG4, zinazokidaka kile kichochezi kabla hakijafika kwa IgE. Mimi ya askari inanitosha.

Nimemaliza miaka mitatu na nusu ya sindano hapa Nairobi. Dadangu, tuliyeachiana ziwa, anaishi Columbus, Ohio, na yuko mwaka wa pili wa vidonge vya chini ya ulimi. Tatizo letu moja: utitiri wa vumbi, wale wadudu wasioonekana kwa macho wanaokula magamba ya ngozi yetu ndani ya magodoro na mito. Tumelelewa nyumba moja, tumelalia magodoro ya sufi yale yale, na tukiamka alfajiri tulipiga chafya kwa kupokezana huku mama akisema ni baridi ya asubuhi. Kwa hiyo nikilinganisha njia hizi mbili, nalinganisha pua mbili zinazofanana sana.

Kwanza hakikisha una mzio wa nini

Huku kwetu tunasema "nina aleji ya vumbi" na tunachanganya mavumbi mawili. Vumbi la barabarani, lile jekundu linaloingia matatu dirisha likiwa wazi, linakera pua ya mtu yeyote, na hakuna sindano wala kidonge cha kulizoea. Moshi wa mkaa na manukato makali ni hivyo hivyo. Vumbi la ndani ya nyumba ni jambo jingine, kwa sababu ndani yake mna kinyesi cha utitiri, na kinyesi hicho ndicho IgE inachokipigia filimbi. Dalili yake ni ya kitandani: unaamka pua imeziba, unatandika shuka unapiga chafya kumi, unatoka nje kwenye upepo unapata nafuu.

Kipimo ni cha ngozi. Nesi alinichorea mistari ya kalamu kwenye mkono, kutoka kiwiko hadi karibu na kifundo, akaweka tone moja kando ya kila mstari, akachokoa kila tone kwa ncha ndogo isiyotoa hata damu. Baada ya dakika 15 mkono ulisoma wenyewe. Paka: hakuna kitu, na mimi nilikuwa nimewalaumu paka wa Mji wa Kale maisha yangu yote. Mende: alama ndogo ya mashaka. Utitiri: uvimbe mweupe, umezungukwa na wekundu, kama umeumwa na mbu watatu mahali pamoja. Akaupima kwa rula. Uvimbe ukizidi lile tone tupu la kulinganishia kwa milimita 3, unahesabika. Wangu ulikuwa 8.

Acha setirizini na dawa nyingine za kuzima chafya karibu wiki nzima kabla ya kipimo, la sivyo mkono hautasema chochote na utakuwa umelipia bure. Kuna pia kipimo cha damu kwa wasioweza kuacha dawa. Ila mtu akikupima IgE ya jumla tu, akaona iko juu, akataka kukuanzishia tiba, ondoka. IgE ya jumla hupanda hata kwa minyoo.

Na matokeo ya kipimo peke yake hayatoshi, lazima yaendane na maisha yako. Wako watu ambao ngozi yao inavimba kwa utitiri na pua yao haijawahi kulalamika. Hao hawana cha kutibu.

Sindano: Jumamosi zangu

Ratiba yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuiishi. Miezi ya kwanza unadungwa kila wiki, kila mara dozi ikiongezwa kidogo, mpaka ufikie kipimo cha juu ambacho mwili wako unakivumilia. Kwangu ilichukua wiki 16. Baada ya hapo ni mara moja kwa mwezi, kwa miaka mitatu hadi mitano. Nilipiga hesabu ya miaka mitatu: mara 48. Kila mara unakaa kliniki nusu saa baada ya sindano, kwa hiyo saa 24 za kukaa kwenye benchi, siku nzima na usiku wake, bila kuhesabu foleni ya Barabara ya Ngong.

Sindano yenyewe haiumi. Ni fupi, nyembamba kama ya insulini, inaingia chini ya ngozi nyuma ya mkono wa juu, na siku hiyo mkono unavimba na kuwasha. Kinachochosha ni maswali. Nesi aliniuliza yale yale kila Jumamosi kama anasoma tasbihi: Umekuwa na homa wiki hii? Kifua kimekubana? Mara iliyopita mkono ulivimba kiasi gani, kama shilingi kumi au kama kiganja? Umeanza dawa yoyote mpya? Mwanzo niliyaona ni maswali ya kupoteza muda.

Wiki ya kumi nilikwenda na mafua nikasema sina. Nilikuwa nimechelewa, nimetoka gari na kupanda ngazi mbio, sikutaka kurudishwa nyumbani. Dakika kama ishirini baada ya sindano viganja vikaanza kuwasha, halafu kichwani, halafu nikapiga chafya mfululizo na kifua kikaanza kukaza. Nesi hakuuliza swali hata moja. Alinilaza, akanidunga adrenalini kwenye paja, na ndani ya dakika chache nikawa natetemeka moyo ukienda kama ngoma, lakini napumua. Nilishikiliwa hapo saa kadhaa. Wiki iliyofuata dozi ikarudishwa nyuma. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku ile nayaheshimu yale maswali.

Nusu saa ile ya benchi ina historia. Njia hii ilianza London mwaka 1911, pale Leonard Noon alipowadunga wagonjwa wa mafua ya majira chavua, yaani unga wa maua, ya majani ya nyasi. Noon alikufa miaka miwili baadaye na mwenzake John Freeman akaendelea. Kwa miongo mingi ilikuwa kazi ya kawaida ya daktari wa mtaani. Mwaka 1986 kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza ikatoa onyo baada ya kuhesabu vifo 26 tangu 1957, wengi wao wenye pumu, na ikaagiza wagonjwa wakae chini ya uangalizi saa mbili na pawe na vifaa vya kuokoa maisha. Tiba hii ikakaribia kupotea nchini humo. Leo vifo ni nadra sana, huko Marekani vinahesabiwa kimoja kwa mamilioni ya sindano, na miitikio ya mwili mzima kama wangu hutokea karibu mara moja au mbili kwa kila sindano elfu. Mengi ya mabaya huonekana ndani ya nusu saa ya kwanza, ndiyo maana ya benchi. Kliniki ikikudunga na kukuambia uende zako, hiyo ni sababu tosha ya kutorudi.

Kidonge: asubuhi za dadangu

Dadangu alikwenda kwa daktari mara moja kwa dozi ya kwanza, akakaa nusu saa, akaruhusiwa. Tangu hapo kazi yote anaifanya mwenyewe jikoni kwake. Kidonge ni chepesi, kinayeyuka vidoleni ukikishika kwa mkono wa maji, kwa hiyo unakitoa kwenye karatasi yake kwa kidole kikavu, unakiweka chini ya ulimi, kinayeyuka kama barafu. Humezi mate kwa dakika moja. Huli wala hunywi kwa dakika tano. Kisha chai.

Wiki mbili za kwanza alinipigia simu akilalamika masikio. Sindano haikuwahi kuniwasha sikio, nikadhani anatania. Kumbe ndiyo kawaida ya vidonge hivi: midomo inawasha, koo inakereketa, ndani ya sikio panatekenya, ulimi unahisi mnene. Inaanza dakika chache baada ya kidonge na kuisha ndani ya saa. Kwa wengi hupotea baada ya wiki kadhaa. Mshtuko wa mzio unaoweza kuua umewahi kutokea kwa vidonge pia, lakini ni nadra kuliko kwa sindano. Kwa kuwa yuko nyumbani peke yake, Marekani humpa mgonjwa kalamu ya adrenalini ya kujidunga. Yake imekaa kwenye mkoba miezi 20 haijaguswa.

Kuna siku za kuacha. Aking'olewa jino au akiwa na kidonda mdomoni hapaswi kukiweka, kwa sababu kichochezi kinaingia moja kwa moja kwenye damu. Na Ramadhani inataka mpango: yeye alihamishia kidonge baada ya futari tangu Shaabani, ili isiwe kubadilisha ghafla, akaendelea hivyo mwezi mzima. Kwangu mimi Ramadhani ilikuwa kuomba nafasi ya kliniki baada ya magharibi, kwa tahadhari tu. Masheikh wengi wanasema sindano isiyo ya chakula haifunguzi, lakini hilo muulize wako.

Miaka mitatu ya vidonge ni vidonge 1,095. Iweke akilini namba hiyo.

Matone ni nini basi?

Ukisoma utakutana na njia ya tatu, matone ya chini ya ulimi. Kanuni ni ile ile ya kidonge, na Ulaya yametumika muda mrefu, hasa Ufaransa na Italia. Tofauti yake ni dozi: kidonge kimepimwa kiwandani na kimepita kwenye majaribio makubwa, matone yanatofautiana mno kati ya mtengenezaji na mtengenezaji. Marekani mamlaka ya dawa iliidhinisha vidonge vya mzio wa majani, yaani nyasi, na wa magugu mwaka 2014, cha utitiri 2017, na haijaidhinisha matone. Matone mengi pia yanataka friji. Faida yake ni kwa mzio ambao haujatengenezewa kidonge.

Ipi ina nguvu zaidi?

Swali hili kila mtu huliuliza la kwanza na mimi ningeliweka la nne. Zote mbili zimeshinda dawa tupu, ile isiyo na kitu ndani, kwenye majaribio mengi. Ukizilinganisha, sindano huelekea kupunguza dalili kidogo zaidi, na kidonge huelekea kuwa salama zaidi. Tofauti ya nguvu si kubwa kiasi cha kumfanya mtu ahame mji.

La maana ni muda. Mwaka 1999 madaktari wa London walionyesha kwamba watu waliodungwa kwa miaka mitatu hadi minne kwa mzio wa majani waliendelea kuwa na nafuu miaka mitatu baada ya kuacha. Hapo ndipo imunotherapia inapoipiga setirizini chini, maana setirizini ukiacha leo kesho umerudi ulikokuwa. Lakini mwaka 2017 utafiti mwingine wa London, pia wa majani, ulichapishwa ukionyesha upande wa pili. Waliotibiwa miaka miwili tu walikuwa na nafuu wakiwa kwenye dawa, na mwaka mmoja baada ya kuacha nafuu hiyo haikuonekana tena, wa sindano na wa vidonge sawasawa. Miaka miwili haitoshi. Ukiishia mwaka wa pili umelipa nauli ya Mombasa mpaka Nairobi halafu ukashuka Voi.

Sasa ile 1,095. Uholanzi waliangalia rekodi za maduka ya dawa za watu zaidi ya 6,000 waliokuwa kwenye tiba hii, wakachapisha mwaka 2013. Waliofika miaka mitatu kwa sindano walikuwa asilimia 23. Kwa njia ya chini ya ulimi, asilimia 7. Nilidhani itakuwa kinyume, kwamba cha nyumbani ndicho rahisi kumaliza. Lakini fikiria: sindano ina mtu anayekusubiri, ukikosa unapigiwa simu, na nesi anaona aibu yako. Kidonge hakina shahidi. Asubuhi pua ikiwa safi, mtu anajiambia leo nitaruka. Dadangu amekifunga kidonge chake na sala ya alfajiri, kikiwa juu ya mswala, na amekosa mara nane tangu aanze. Ameziandika. Kama wewe ni mtu wa kuacha antibiotiki siku ya tatu kwa sababu umejisikia vizuri, chagua benchi.

Dalili za nafuu zinakuja polepole kwa njia zote mbili. Yeye alianza kuona tofauti mwezi wa tatu au wa nne. Mimi sikuona chochote mpaka mwezi wa saba, na hata hapo niliona kwa bahati, nilipogundua chupa ya kupuliza puani imepitwa na tarehe kabla haijaisha. Madaktari hutoa mwaka mmoja. Ukipita mwaka mzima wa dozi kamili bila tofauti yoyote, acha, kuendelea ni kutupa pesa.

Vidonge vya Ulaya na pua za pwani

Hapa nitakaa kidogo, maana sijaona mtu akiwaeleza watu wetu.

Kidonge kimoja kinatibu kichochezi kimoja, na vichochezi hivyo vimechaguliwa kwa kuangalia wagonjwa wa nchi za baridi. Kidonge cha majani kimetengenezwa kwa majani ya Ulaya kama timothi. Majani ya bustani na viwanja vyetu ni ukoka, na ukoka uko mbali na timothi kiukoo. Mwili uliozoeshwa timothi haujazoea ukoka vya kutosha. Mtu anayekohoa kila ukoka unapokatwa akiagiziwa kidonge cha timothi kutoka nje, amenunua ufunguo wa nyumba ya jirani.

Utitiri nao una kabila. Kidonge cha utitiri kina aina mbili za utitiri waitwao Dermatophagoides, ambazo zipo duniani kote na kwetu pia. Lakini nchi za joto na unyevu zina mwingine aliyejaa, Blomia tropicalis, ambaye vichochezi vyake havifanani sana na vya hao wawili. Kama umekulia Mombasa, Tanga au Unguja, omba kipimo chako kimjumuishe huyo. Ukikuta tatizo lako kubwa ni Blomia, kidonge hicho hakikuhusu, na sindano au matone yaliyotengenezwa kwa ajili yake ndiyo mjadala. Dadangu alipimwa Marekani ambako hawakufikiria Blomia, akaomba yeye mwenyewe. Kwa bahati hakuwa nao.

Sindano zina nafasi pana zaidi, daktari anaweza kuchanganya vichochezi viwili vitatu, ingawa kadiri anavyochanganya ndivyo ushahidi unavyopungua. Na kwa mzio wa nyuki, ule wa mtu kuanguka baada ya kuumwa, hakuna la kulinganisha: ni sindano tu, na zinafanya kazi kuliko imunotherapia nyingine yoyote. Mfugaji wa nyuki aliyewahi kupoteza fahamu asisome makala hii kwa ajili ya kuchagua. Aende moja kwa moja.

Upatikanaji ndio unaoamua kwa wengi. Nairobi kuna kliniki chache za binafsi zenye wataalamu wa mzio, na dawa yenyewe inaagizwa nje. Nilipokuwa bado Mombasa nisingeweza kuanza sindano: safari ya treni kila wiki kwa wiki 16 si tiba, ni ajira. Kwa anayeishi mbali na kliniki, kidonge kinashinda bila ubishi, kwa sharti mtu aweze kukipata mfululizo miaka mitatu. Usianze na boksi mbili alizokuletea binamu kutoka Dubai bila kujua la tatu litatoka wapi. Chupa za sindano zinataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 wakati wote, vidonge vinakaa kabatini. Bima nyingi zitakuuliza imunotherapia ndiyo nini. Omba jibu la maandishi kabla hujaanza, maana mwezi wa kumi na nne ni mwezi mbaya wa kujua hawalipi.

Wasiopaswa kuigusa tiba hii

Pumu isiyotulia inafunga milango yote miwili. Itulize kwanza, upulize kipimo cha pumzi, ndipo mzungumze. Wengi wa waliokufa kwa sindano hizi walikuwa watu wa pumu waliodungwa siku kifua kikiwa hakiko sawa.

Anayetumia dawa za presha au moyo za jamii ya propranololi na atenololi amwambie daktari mapema. Siku ya dharura zinaizuia adrenalini kufanya kazi yake. Mjamzito haanzi, lakini aliyeshika mimba akiwa tayari kwenye dozi ya kudumu na anaivumilia huweza kuendelea. Na kidonge hakimfai mwenye ugonjwa wa umio unaosababishwa na chembe za mzio, yule anayekwamwa na chakula kifuani kila mara.

Kwa watoto, wengi huanza kuanzia miaka mitano. Kidonge kina heri ya kutokuwa na sindano. Lakini mtoto asiyeweza kukaa dakika moja bila kumeza mate atakimeza kidonge, na kidonge kilichomezwa ni pesa iliyomezwa.

Na usipofanya lolote kati ya haya?

Ningependa kuwaambia wengi waanzie hapa. Dawa ya steroidi ya kupuliza puani, kila siku, kwa wiki nne bila kukosa, inawatuliza watu wengi kiasi kwamba hawahitaji miaka mitatu ya chochote. Tatizo ni kwamba tunaipuliza siku tukiumwa tu, na tunaielekeza katikati ya pua ambako inachubua na kutoa damu. Inamisha kichwa kidogo, elekeza upande wa jicho la upande huo, vuta polepole kama unanusa asumini. Vifuko vya godoro na mito visivyopitisha utitiri, foronya zioshwe kwa maji ya nyuzi 60, zulia la chumbani litolewe. Pwani unyevu utakushinda, lakini utapunguza.

Kama umefanya hivyo kwa dhati na bado unaamka pua imeziba, au dawa zinakulaza kazini, au mzio wa pua unavuta pumu nyuma yake, hapo miaka mitatu ina maana. Unayeishi dakika 20 kutoka kliniki nzuri, una vichochezi zaidi ya kimoja na unajijua huna nidhamu, nenda kwenye benchi. Unayesafiri, unayeogopa sindano, mwenye tatizo la utitiri pekee wa ukoo ulio kwenye kidonge, na ni mtu wa kufanya jambo lile lile kila alfajiri, fuata njia ya dadangu. Nikiulizwa kama ningechagua tena, ningechagua sindano, na sababu yangu haina uhusiano na sayansi: mimi ningefika kidonge cha 200 nikasahau.

Ukishaamua sindano, kabla hujalipa uliza mambo mawili. Adrenalini iko wapi na nani anaruhusiwa kuidunga daktari akiwa hayupo? Na umeme ukikatika usiku, chupa zangu zinakuwaje? Kliniki ya kwanza niliyokwenda walinijibu swali la pili kwa kucheka. Ya pili, nesi alifungua friji, akanionyesha kipimajoto chenye kuandika nyuzi kila saa, karatasi ya wiki nzima, na pembeni yake boksi la barafu lenye jina la mlinzi wa usiku na namba yake ya simu.